Mvua ikikata safari ya Kasulu na Kibondo, mtoto, mjamzito na mgonjwa ndio hulala njiani

Desemba ikifika, stendi za mabasi za Dar es Salaam na Mwanza hujaa familia zinazokwenda kusalimia wazee. Kwa anayeelekea Moshi au Tanga, swali kubwa ni nauli. Kwa anayeelekea Kasulu au Kibondo kuna swali la pili, na hilo halijaandikwa popote kwenye tiketi: huko juu mvua imenyesha kiasi gani?

Nyanda za juu za Kigoma hupata mvua kuanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba hadi Aprili, na mwaka mwingine hadi Mei. Miezi hiyo ndiyo yenye likizo ndefu ya shule, Krismasi, Mwaka Mpya, kufunguliwa kwa shule Januari na Pasaka. Kalenda ya familia na kalenda ya mvua zimepandiana siku zilezile, na hakuna namna ya kuzitenganisha. Bibi hawezi kuambiwa asubiri wajukuu hadi Julai.

Jambo hili si la Kigoma peke yake. Wanaosafiri kwa meli kubwa za kitalii katika Bahari ya Karibi huishi na hofu ya namna hiyo kila mwaka kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, msimu wa vimbunga vya Atlantiki. Kimbunga kikitangazwa, nahodha hubadili njia. Abiria aliyelipia kushuka kisiwa fulani hujikuta kisiwa kingine, au hukaa baharini siku mbili zaidi na kukosa ndege ya kurudi nyumbani. Mkataba wa tiketi kwa kawaida humpa nahodha haki hiyo, kwa hiyo malalamiko huishia kwenye kaunta ya huduma kwa wateja.

Tofauti ni kwamba abiria yule amechelewa akiwa na kitanda, choo, maji ya moto na daktari ghorofa ya chini. Abiria wa Kibondo huchelewa akiwa amekaa kwenye kiti, mtoto mapajani, katikati ya tope jekundu, na duka la karibu liko kilomita nyingi nyuma.

Barabara yenye lami na barabara yenye tope

Haki itendeke kwanza: hali si ile ya miaka 15 iliyopita. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, kina lami. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takribani kilomita 260, iligawanywa katika vipande vinne vya ujenzi kwa fedha za Serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vipande hivyo ni Kasulu hadi Manyovu, Kanyani hadi Mvugwe, Mvugwe hadi njia panda ya Nduta, na Nduta hadi Kabingo. Upande wa kaskazini, kipande cha Nyakanazi hadi Kakonko kinaiunganisha Kibondo na Kanda ya Ziwa. Mtu aliyesafiri njia hii zama za kusindikizwa na polisi wenye silaha, basi likitambaa gia ya kwanza kutoka Nyakanazi, anajua hiyo ni hatua kubwa kiasi gani.

Lakini lami ya barabara kuu haifiki mlangoni kwa bibi. Familia hushuka Kasulu mjini au Kibondo mjini, kisha huanza safari ya pili kwa bodaboda au gari dogo, kupitia barabara za udongo zinazopanda na kushuka vilima. Udongo wa huko ni mfinyanzi mwekundu. Ukiwa mkavu ni vumbi linaloingia hadi kwenye meno. Ukilowa unakuwa sabuni. Kalavati moja likizibwa na magogo, maji hupita juu ya barabara, na asubuhi yake kijiji kizima kimekatika.

Kuna pia Mto Malagarasi. Unaanzia mpakani na Burundi, unazunguka na kumwaga maji katika tingatinga kubwa la Moyowosi, kisha unageuka magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika. Barabara ya Kasulu kwenda Kibondo lazima iuvuke. Mto huo na vijito vyake hupokea maji ya vilima vya pande zote, ndiyo maana unaweza kujaa siku ambayo mahali basi lilipo hakuna hata wingu. Wazazi wengi hukosea hapa. Hutazama anga la stendi, wanaona jua, wanakata tiketi.

Hata mahali penye ujenzi, mvua huleta usumbufu wa aina yake. Magari huelekezwa kwenye mchepuko wa udongo pembeni ya barabara inayojengwa, na lori moja likilala pale, foleni husimama hadi greda ije livute. Kondakta ataambia abiria kuwa ni nusu saa. Wenyeji wa njia hiyo wakisikia nusu saa hufungua chakula.

Treni nayo ina mvua yake

Kigoma inaitwa mwisho wa reli, na familia nyingi bado hupendelea treni kwa sababu mtoto anaweza kulala na mizigo hubebwa kwa nafuu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Haipiti Kasulu wala Kibondo, kwa hiyo abiria wa nyanda za juu hushuka Kigoma na kumalizia kwa basi.

Tatizo la treni kwa kawaida haliko Kigoma. Liko bondeni, Kilosa na Gulwe, ambako mito hushuka na kasi ya milima ya Morogoro na Dodoma. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba tuta la reli eneo hilo, na kwa miezi kadhaa treni ya abiria haikuweza kupita. Mwaka 2020 mvua zilisimamisha tena safari. Mzazi aliyeko Dar anayepanga kusafiri na watoto kwa treni anapaswa kuulizia hali ya Kilosa kabla ya kuulizia hali ya Kigoma. SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 imepunguza adha ya kipande hicho kwa anayekubali kuunganisha na basi mbele ya safari, ingawa kuunganisha na watoto watatu na magunia mawili ni kazi nyingine kabisa.

Ziwa Tanganyika pia lina hadithi yake. Meli ya MV Liemba ilijengwa mwaka 1913 kule Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Kiwanda hichohicho leo ni miongoni mwa vinavyojenga meli kubwa za kitalii duniani, zile zinazokimbia vimbunga vya Karibi. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, kijiji cha mwambao kisichofikika kwa gari, Liemba ilitumwa kuwachukua kwa mafungu hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi yaliwapeleka Nyarugusu, wilayani Kasulu. Wakati huo kipindupindu kilikuwa kimeshalipuka Kagunga na watu zaidi ya 30 walifariki. Kilichowaua wengi si safari yenyewe. Ni kusubiri safari mahali pasipo maji safi wala vyoo. Mzazi aliyekwama na watoto njiani, hata kama ni usiku mmoja tu, yuko katika hali ndogo ya namna hiyohiyo.

Mjamzito asisubiri wiki ya mwisho

Miongoni mwa wote wanaoathirika na safari iliyokatika, hakuna anayepoteza kwa haraka kama mama anayetaka kujifungua. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Saa mbili ni muda ambao bodaboda inaweza kuutumia kutafuta njia ya kuzunguka kijito kimoja kilichojaa.

Kigoma ilijifunza hili mapema kuliko mikoa mingi. Kuanzia mwaka 2006, mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, ambao baadaye ulisimamiwa na shirika la Thamini Uhai, uliboresha vituo vya afya vya vijijini mkoani humo ili viweze kufanya upasuaji wa kujifungua, badala ya kila mama kupelekwa hospitali ya wilaya. Hoja ilikuwa rahisi: kama barabara haiwezi kumleta mama kwenye chumba cha upasuaji, chumba cha upasuaji kisogezwe kwa mama.

Siku hizi kuna pia mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa kitaifa mwaka 2022. Mama mwenye dharura ya uzazi, au mwenye mtoto mchanga mgonjwa, au mhudumu wa zahanati, hupiga namba 115 bila malipo. Kituo cha uratibu hutafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu huita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo na si na familia. Ni namba ambayo kila nyumba yenye mjamzito inapaswa kuwa nayo kwenye simu zote, ikiwemo simu ya kitochi ya babu.

Hata hivyo namba 115 haikaushi tope. Dereva anayeitwa saa nane usiku kwenye mvua kubwa atapita barabara ileile. Ndiyo maana wakunga husisitiza kwamba mama anayeishi mbali, hasa mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyewahi kufanyiwa upasuaji au mwenye presha, asogee karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake. Kasulu kuna hospitali ya misheni ya Kabanga pamoja na za Serikali, na Kibondo ina hospitali ya wilaya. Mwenye ndugu mjini akae kwa ndugu. Asiye na ndugu aulize kliniki kama kuna nyumba ya kusubiria kujifungua.

Kwa ndugu wa kiume wanaosoma ukurasa huu: mazungumzo hayo hufanyika mimba ikiwa na miezi saba, na fedha ya nauli hutengwa siku hiyohiyo. Mwezi wa tisa kila mtu atakuwa shambani.

Na mjamzito anayetoka Dar kwenda kujifungulia kwa mama yake, desturi ambayo familia nyingi za Waha bado wanaithamini, asafiri mapema. Wiki nne za mwisho si za kukaa kwenye basi siku nzima na usiku. Kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kwa hiyo kila basi linaposimama watu wachimbe dawa, naye ashuke atembee. Kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba wa mkononi. Hospitali itakayompokea njiani haimjui, kadi ndiyo itakayomsemea.

Dawa za kila siku haziendi buti

Hili huonekana dogo hadi siku linapotokea. Mtu anayetumia dawa za presha, kisukari, kifafa au ARV hupakia dawa kwenye begi kubwa, begi linaingia buti ya basi, basi linakwama usiku, na kondakta hataki kufungua buti gizani. Dozi inapita.

Dawa zikae kwenye mkoba unaobaki kiganjani, na ziwe nyingi kuliko siku za safari. Anayekwenda wiki mbili abebe za wiki nne. Kwa watumiaji wa ARV ambao hali yao ni nzuri, kliniki nyingi hutoa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo ni suala la kusema mapema kuwa kuna safari. Zikiisha ugenini, kadi ya kliniki humwezesha mtu kuhudumiwa katika kituo kingine cha tiba na matunzo. Kuona haya kwenda kliniki ya kijijini kwa sababu ndugu watamwona ndiko kunakoharibu, na familia inayojua hali ya mgonjwa wake inaweza kumsaidia kwa kumsindikiza tu.

Anayetumia insulini asiiweke karibu na injini wala juani dirishani. Chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida huvumilia joto la kawaida kwa takribani wiki nne. Akifika kijijini kusiko na friji, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, hupooza vizuri. Bibi atakuwa na vyungu hivyo tayari.

Mama anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu aangalie tarehe kabla ya kuondoka. Safari ya wiki mbili ikigeuka mwezi kwa sababu ya barabara, tarehe hiyo hupita kimyakimya. Vilevile chanjo za mtoto: kadi isafiri naye, na chanjo inayoangukia siku za likizo ichomwe zahanati ya kijijini. Hakuna haja ya kusubiri kurudi mjini.

Homa ya wiki ya pili

Watoto wa mjini wakifika Kasulu hufurahia kila kitu: maembe, mvua, kuku, binamu. Mbu nao hufurahia watoto wa mjini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha Kigoma ikiongoza Tanzania Bara, ambapo asilimia 24 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Juhudi zimeendelea tangu hapo, lakini msimu wa mvua bado ndio msimu wa malaria, na mtoto aliyekulia Dar au Arusha hana kinga ambayo binamu yake wa Kibondo ameijenga kwa kuugua.

Chandarua kibebwe kutoka nyumbani, kwa kuwa kijijini vyandarua vilivyopo vina wenyewe na wageni huishia kulala kwenye mkeka sebuleni. Mtoto akipata homa apimwe siku hiyohiyo au kesho yake. Akikutwa na malaria apewe dozi kamili ya dawa mseto: asubuhi na jioni kwa siku tatu, ya pili ikitolewa saa nane baada ya ya kwanza, pamoja na chakula au maziwa. Kumpa mbili, homa ikashuka, zilizobaki zikawekwa akiba kwa ajili ya mdogo wake, ni kuwakosesha tiba wote wawili.

Jambo moja huponyoka wazazi wengi. Dalili za malaria hujitokeza kwa kawaida siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi wiki ya pili. Maana yake mtoto aliyeumwa na mbu Kibondo Januari 2 anaweza kuanza homa akiwa darasani Dar es Salaam Januari 14, mahali ambapo mwalimu anafikiria mafua. Mzazi amwambie daktari, bila kusubiri kuulizwa, kwamba mtoto alikuwa Kigoma. Sentensi hiyo moja hubadili vipimo atakavyofanyiwa.

Kuharisha ni adui mwingine wa safari iliyokwama. Basi likisimama usiku, wauzaji hufika na maji, maandazi, mayai na mahindi ya kuchemsha, na mtu mwenye njaa hachunguzi mikono ya muuzaji. Ndizi na machungwa ambayo mtu anamenya mwenyewe ni salama zaidi. Maji yabebwe ya kutosha siku mbili, si siku moja. Pakiti nne za ORS na vidonge vya zinki hazizidi uzito wa simu. Mtoto mwenye zaidi ya miezi sita anayeharisha hupewa zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na wa chini ya miezi sita miligramu 10, huku akiendelea kunyonya. Macho yakididimia, akashindwa kunywa, au kinyesi kikawa na damu, hapo safari imekwisha na kituo cha afya cha karibu ndicho mwisho wa nauli.

Sweta pia. Watu wa pwani husikia Kigoma wanafikiria ziwa na joto. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua ndani ya basi lisilo na kioo kimoja, mtoto mchanga mwenye fulana hupoa haraka.

Kusoma utabiri kama ratiba ya basi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu, wa mwezi, wa siku kumi na wa kila siku, pamoja na tahadhari. Kigoma ina upekee unaowachanganya wasikilizaji wa redio: kaskazini mwa mkoa, iliko Kibondo, huwekwa pamoja na Kanda ya Ziwa Victoria katika utabiri wa vuli na masika, wakati sehemu nyingine ya mkoa huwekwa katika mvua za msimu za Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo mtu akisikia "magharibi mwa nchi" tu na kufunga redio, huenda hajasikia habari za Kibondo.

Tahadhari zikitolewa, zichukuliwe kwa uzito. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Kisiwa cha Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na barabara ya kusini ilikatika eneo la Somanga, abiria wa Lindi na Mtwara wakakwama. Aliyeahirisha kwa siku tatu alifika mapema kuliko aliyelazimisha.

Dereva akitaka kuvuka maji yanayopita juu ya barabara, abiria wana haki ya kukataa na kushuka. Maji yenye kasi ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuinua gari dogo, na ya sentimita 60 husomba magari mengi. Magotini kwa mtu mzima, yakiwa na mkondo, yanatosha kumwangusha akiwa na mtoto mgongoni. Na chini ya maji hayo ya rangi ya chai ya maziwa, hakuna ajuaye kama barabara bado ipo. Kelele za abiria wenye haraka husukuma madereva wengi kufanya wasilolitaka. Mama mmoja akisema "mimi na wanangu tunashuka," mara nyingi nusu ya basi humfuata.

Tiketi ya kielektroniki ihifadhiwe, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa nauli na muda. Safari ikivunjika, mazungumzo ya kurudishiwa fedha au kupewa basi jingine huanza na tiketi hiyo, na malalamiko hupelekwa LATRA. Ukweli ni kwamba wengi hawadai, kwa sababu wakifika wamechoka na wanachotaka ni maji ya kuoga.

Wagonjwa wanaopewa rufaa kutoka Kibondo kwenda Bugando, Mwanza, wana njia yao kupitia Nyakanazi na Geita. Zamani kivuko cha Kigongo hadi Busisi kilikuwa sehemu ya kusubiri, na upepo wa ziwa ulipochafuka foleni ilirefuka. Daraja lililofunguliwa hapo Juni 2025, lenye urefu wa takribani kilomita 3, limeondoa kusubiri huko. Familia yenye mgonjwa wa rufaa sasa inahesabu hatari ya mvua kwenye vipande vya udongo vya mwanzo wa safari, kutoka kijijini hadi barabara kuu. Kwa miadi ya saa mbili asubuhi Jumatatu, wazoefu wa njia hiyo huondoka kijijini Ijumaa.

Wanafunzi wa bweni wanaorudi shule Januari nao wanahitaji hesabu kama hiyo. Mtoto wa kidato cha kwanza anayesafiri peke yake kutoka kijiji cha Kibondo apewe namba tatu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu itakayoisha chaji: ya mzazi, ya ndugu aliyeko mji wa katikati ya safari, na ya shule. Apewe fedha ya kulala usiku mmoja, ikae mbali na fedha ya matumizi. Na shule ipigiwe kabla ya siku ya kuripoti, ielezwe kwamba barabara ya kwao imekatika na mtoto atafika Jumatano.